Nani Anamdai Marehemu?

Katika maboma ya Mumias, magharibi ya Kenya, kutoka Ekero hadi Matungu, mazishi hayaishi kaburi linapofukiwa. Siku ya tatu hivi, mahema yakiwa yameng'olewa na wageni wa Nairobi wamerudi kwenye shughuli zao, wanaukoo hubaki. Vichwa hunyolewa. Kisha mzee mmoja husimama uani, na ni afadhali awe wa ukoo bila kuwa wa nyumba ile yenyewe, akauliza: nani anamdai marehemu, na marehemu anamdai nani?

Swali hilo lina adabu zake. Anayedai hatoi kiasi tu akaketi. Anataja mwaka, anataja sababu, anamtaja aliyekuwapo. "Alichukua mtamba kwangu wakati wa ukame, akaniahidi ndama wa kwanza, na huyu hapa alishuhudia." Shahidi huitika au hukana, na akikana watu humtazama mdai vingine. Mtoto mkubwa wa marehemu hulipokea deni mbele ya wote, wala hatakiwi kulilipa siku hiyo. Anatakiwa kulijua. Halafu zamu hugeuka, wanaodaiwa na marehemu husimama mmoja mmoja, na hapo ndipo utamjua mtu, kwa sababu aliyekufa hawezi tena kumkumbusha. Nimesikia pale madeni ya gunia la mahindi, ya baiskeli, ya ng'ombe mmoja wa mahari aliyebaki tangu bibi harusi alipokuwa msichana hadi sasa ambapo ni kukhu, nyanya wa watu. Anayenyamaza siku hiyo amejifunga mdomo mwenyewe. Akija mwaka ujao na hati yake atapewa chai, atasindikizwa.

Upande wa Waislamu swali ni lile lile, ila halingoji siku tatu. Jeneza likiwa limewekwa mbele ya safu, kabla ya sala, mtu wa familia husema: anayemdai ndugu yetu atuone sisi, deni sasa ni letu. Imepokewa kwamba Mtume aliletewa jeneza la mtu aliyekufa na deni bila kuacha cha kulilipia, akawaambia masahaba wamsalie wao. Alikubali kumsalia baada ya Abu Qatada kulibeba deni hilo. Mumias hadithi hiyo haihitaji kuelezwa mara mbili. Uislamu ulifika hapa na wafanyabiashara wa misafara ya pwani katika karne ya 19, enzi za wafalme wa Wawanga, Nabongo Shiundu na mwanawe Mumia, na wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill wakafika 1904. Ndiyo maana utawakuta Juma na Petro ni wajukuu wa babu mmoja. Juma akifa asubuhi, alasiri yuko kaburini. Petro hulala mochari wiki mbili akingoja michango itimie. Nyumba hizo mbili zitabishana kuhusu pombe, kuhusu nani amechinja, kuhusu nani aolewe na nani. Kuhusu deni la marehemu sijawahi kusikia wakibishana.

Siku hizi ni fasheni kudharau neno "watu watasemaje". Wahubiri wa kujiamini, wa redioni na wa kwenye simu, wanatuambia kila mtu aishi maisha yake na macho ya watu yabaki kwao. Mimi siendi nao moja kwa moja. Wazee wetu waliyajali macho ya watu, tena wakati mwingine kupita kiasi, lakini watu hao waliwajua kwa majina. Walikuwa ni wale watakaokuja kuchimba kaburi lako, wale waliokuona ukitambaa, wale wanaokumbuka kwamba babako alikuwa mkali lakini hakulala na shilingi ya mtu. Jicho la namna hiyo linaudhi, na haliwezi kudanganywa kwa koti. Mzee anaposimama uani na kuuliza, analiita jicho hilo lije likague nyumba yote, lione penye ufa, liseme. Na likishasema, limesema. Nyumba inaanza upya.

Sababu yake naiona katika majina. Kwetu mtoto hupewa jina la mtu aliyetangulia. Zamani kichanga kilipolia bila kunyamaza, wanawake walikuwa wakiyataja majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, mpaka kilio kikakatika kwenye jina fulani. Huyo ndiye aliyekuja. Mama akamwita mwanawe baba, au mkwe, kwa heshima yote, na huku anampangusa kamasi. Lakini si kila marehemu huitwa. Jina la mwizi huachwa lipotee, na la mtu aliyekufa vibaya pia. Sasa fikiria kuhusu mtu wa kawaida, aliyekopa kama sisi sote, akafa kabla ya kulipa. Madeni yake yasipotajwa na kupokewa, mtoto atakayeitwa kwa jina lake atatembea kijijini na kila anayempita atakumbuka mtamba. Kikao cha siku ya tatu, naamini, kilikuwa ni cha kumwandalia jina mtoto ambaye hajazaliwa. Hakuna aliyenieleza hivyo. Ni hesabu yangu mwenyewe, na mwenye hesabu bora ailete.

Tulichonacho sasa ni jicho la aina nyingine. Linapita barabarani, linapita kwenye skrini, haliwezi kusema babu yako aliitwa nani. Na ndilo tunaloliandalia mazishi. Kamati huundwa na kundi la WhatsApp hufunguliwa kabla maiti haijapoa. Fulana huchapishwa na picha ya marehemu kifuani, ratiba hutolewa kwenye karatasi inayong'aa, mpishi hukodishwa kutoka mjini ingawa majirani wote wanajua kupika. Mpiga picha huja na kile kidude cha kuruka juu ya boma. Wanasiasa hufika, kipaza sauti hubadilika mikono, marehemu husubiri. Usiku wa kuamkia siku hiyo kuna disko matanga, ambazo serikali imezipiga marufuku mara kwa mara magharibi ya Kenya kwa sababu ya yanayowapata wasichana wadogo gizani, nazo husikika tena wiki ijayo upande wa pili wa mto Nzoia.

Shangazi yangu mmoja, mwanamke asiyependa maneno mengi, alihesabu viti vya plastiki kwenye mazishi ya jirani yake, akaniuliza marehemu aliwahi kukalia kiti kizuri lini. Nilimjibu kwamba watu wanamheshimu. Akasema, "Wanaheshimiana wao."

Kinachonikera zaidi ya gharama ni mpangilio. Siku ya tatu imehama. Watoto wenye kazi wamepewa ruhusa ya siku chache, basi la kukodi linaondoka jioni ile ile ya maziko, na walio na uwezo wa kulipa deni la baba ndio wa kwanza kupanda. Wanaobaki kujibu swali la mzee ni mjane na kitinda mimba. Mahali pengine swali limeingizwa kwenye ratiba, dakika tano kati ya salamu za shule aliyosoma na neno la mbunge, na nani atasimama mbele ya mbunge aseme habari za gunia la mahindi? Na kama swali lingeulizwa kwa ukweli wake, watu wa kwanza kunyoosha mkono leo wangekuwa mwenye hema, mwenye jenereta na mwenye fulana. Marehemu anadaiwa mazishi yake mwenyewe.

Hapa ndipo nauliza ni nani aliyetuchagulia mila za kubaki nazo. Sisi ni Waluhya, na Mkenya akisikia Mluhya anawaza kuku. Anawaza ugali wa kupanda na kushuka, chai ya kujaza kikombe hadi ukingoni, mpishi hodari, mlinzi wa getini, labda na AFC Leopards siku ya mechi. Utani huo hauna sumu nyingi, nami nimeucheka mara nyingi na huenda nimeusambaza. Lakini tazama umetufanyia nini. Kuku alikuwa na sheria. Firigisi ilikuwa ya mwenye nyumba au ya mgeni wa heshima, na kumnyima mtu firigisi yake kungeweza kuwakosanisha mashemeji. Wanawake, waliomfuga na kumpika, walikuwa hawamli, wala yai lake. Sheria ya wanawake imekufa, na sijamwona aliyeilia. Kuku mwenyewe amenawiri, kwa sababu ndiye tunayetaniwa naye, na tunapotaniwa tunajibu kwa kumchinja mwingine. Tumefika mahali ambapo kijana wetu aliyezaliwa Nairobi, asiyejua lugha hata ya kumsalimu kukhu wake zaidi ya "mulembe", anajitambulisha kwa ingokho na obusuma, kuku na ugali, na kujiona amemaliza.

Macho ya wengine yamekuwa chujio la mila zetu. Yanaloliona linapita, yasiloliona linabaki juu na kumwagwa. Swali la mzee halina picha nzuri, halina mdundo, mgeni hawezi kulionja, mchekeshaji hawezi kulitumia jukwaani. Basi linamwagwa. Methali ya wapwani ilituonya kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi tumepaka mlango rangi, na humo ndani tumeacha kuingia hata wenyewe.

Lakini nisiseme kana kwamba jambo hili limeanza na simu. Mji wetu umeishi chini ya macho ya wapita njia tangu upate jina, na tuna marehemu mmoja mkubwa ambaye swali la siku ya tatu halijaulizwa juu yake sawasawa. Nabongo Mumia alishika kiti cha Wawanga mwanzoni mwa miaka ya 1880, baada ya baba yake. Watu wa misafara walipaita hapa Kwa Sundu, wakimtaja Shiundu kwa ulimi wa pwani, na njia ya kwenda Uganda ilipita mlangoni pake. Msafiri Joseph Thomson alifika 1883. Askofu James Hannington alipita 1885 akielekea Busoga, akauawa huko mwishoni mwa Oktoba, na mabaki yake yaliletwa na kuhifadhiwa hapa mpaka yalipopelekwa Namirembe mwaka 1892. Waliofika walikaribishwa, na wazungu walioandika walimsifu mwenyeji. Wengine wao, kwenye kurasa zile zile, waliwaandika watu wa "Kavirondo", kama walivyopaita kwetu, kwa kuushangaa uchi wao. Mgeni hula chakula chako na kukuandika atakavyo.

Kisha wageni wakakaa. Waingereza wakaweka kituo chao Mumias na kukitumia kama lango la kutawala eneo lote, na mwaka 1909 wakamfanya Mumia Chifu Mkuu juu ya watu ambao babake hakuwahi kuwatawala. Ndugu zake na mawakala wa Kiwanga wakapelekwa kwa wengine, Murunga kwa Wabukusu, Mulama kwa Wamarama. Macho yaliyomsifu yalikuwa ya kupita, na yalipita. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 misafara ilikatika, na baadaye hata makao ya wilaya yakahamia Kakamega. Waliobaki ni majirani, na majirani walikuwa na yao ya kukumbuka. Wabukusu hawajasahau Lumboka na Chetambe, ngome zilizovunjwa mwaka 1895 na jeshi la Waingereza ambalo ndani yake walikuwamo wapiganaji wa Kiwanga. Wengine wanakumbuka kodi iliyokusanywa na wakala asiye wa ukoo wao, anayezungumza kwa dharau ya mtu aliyeletwa na bunduki.

Mumia alifariki 1949 akiwa mzee sana. Mtoto wa Kiwanga akienda shule ya mbali hadi leo atakutana na mtu wa kumwambia kwamba babu zake walikuwa wasaliti, naye atarudi nyumbani ameumia. Tumemfundisha kujibu kwa fahari: ufalme, Nabongo, kituo cha utamaduni, makaburi ya wafalme huko Matungu. Mengi ya hayo ni kweli na ni ya kujivunia. Ila ni jibu la kumpa mtalii. Jirani hakuuliza kama tulikuwa na mfalme. Alijua, alimlipa kodi. Jirani anasimama uani na kutaja mwaka na shahidi, nasi tunamwonyesha bangili ya shaba ya Nabongo.

Naona ingekuwa vyema zaidi kuketi na kusikiliza madai yatajwe moja moja. Baadhi yangepokelewa. Mengine yangekataliwa kwa haki, maana Mumia alikuwa na maadui pande kadhaa na aliwatumia wageni kama walivyomtumia, na wapo waliobebesha jina lake matendo ya mawakala ambao hakuwatuma wala hakuweza kuwazuia. Na mwishowe zamu ingegeuka: yeye anamdai nani? Angewadai waliokula kwake miaka mingi, wakamvika cheo kikubwa, kisha wakamwachia lawama zote na kuondoka nacho. Hilo nalo ni deni, na mwenye kudaiwa yuko mbali. Shutuma ya usaliti, kama ilivyo leo, haina mwisho kwa sababu haijawahi kupewa siku yake.

Kuna deni jingine ambalo mji wetu umelizoea mno. Kampuni ya Sukari ya Mumias iliundwa 1971 na kuanza kusaga miwa 1973, na kwa miaka mingi nchi nzima ilitutazama kupitia sukari. Tulionekana matajiri. Ilipoyumba tulionekana wazembe, na Septemba 2019, benki ya KCB ilipoiweka chini ya mrasimu kwa ajili ya mikopo, tulionekana watu wa kuhurumiwa. Mwaka 2021 ikakodishwa kwa Sarrai Group ya Uganda na tukaanza kutazamwa upya. Katika yote hayo mkulima ni yule yule, na shamba lake ni lile lile. Lakini wakulima wengi walikufa wakiwa bado wanasubiri malipo ya miwa iliyokwisha kukatwa na kupimwa. Sehemu ya pili ya swali la mzee, ile ya marehemu anamdai nani, ilipata jibu ambalo wazee wa zamani hawakulipangia: anayedaiwa si mtu, hawezi kusimama uani, na hatanyolewa kichwa na yeyote.

Na sasa imekuja mikopo ya simu. Zamani aliyetaka kukopa alimwendea mtu, akamwangalia usoni, akaona aibu kidogo, akakopa kidogo. Leo mtu anakopa akiwa amelala, mkewe kando yake hajui. Fuliza, mkopo wa M-Pesa, ikakata, programu nyingine ikaongeza. Baadhi ya wakopeshaji hao walikuwa na mbinu yao: ukichelewa kulipa, walizipigia namba zilizomo kwenye simu yako, za mwalimu wa mtoto, za mchungaji, za shemeji, wakawaambia unadaiwa. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zimepiga marufuku mchezo huo, lakini angalia jinsi walivyotusoma. Walijua kwamba bado tunaogopa macho ya watu. Waliuchukua woga ule ule ambao mzee alikuwa akiutumia kuisafisha nyumba, wakautumia kuivunja. Mzee aliuliza mbele ya watu waliohusika, mara moja, kwa mashahidi, kisha akafunga. Wao waliwaambia wasiohusika, bila shahidi, usiku na mchana.

Na mtu huyo akifa? Uani hakuna wa kunyoosha mkono. Deni limo ndani ya kifaa kilichofungwa, mfukoni mwa suruali iliyopelekwa mochari. Kama siku moja nitakuwa mzee wa kusimama pale, nitaliuliza swali kama nilivyolikuta, halafu nitaongeza langu: simu ya marehemu iko na nani, na nani anajua namba yake ya siri? Vijana watacheka. Wazee wenzangu watasema nimeleta mambo ya mjini. Kisha atajitokeza mmoja, pengine kile kitinda mimba kilichokuwa kikitumwa kununua salio, aseme kwamba laini zilikuwa mbili, na ile ya pili mama hakuwa akiijua.